Ukuta uliotoa tumbo: kisa cha nyumba ya matumbawe Mji Mkongwe

Ukuta ukilowa, mwenye nyumba huita fundi rangi. Boriti ikioza, huita seremala. Ukuta ukitoa tumbo ndipo huitwa mwashi, na mara nyingi kufikia hapo mwashi anaitwa kubomoa. Mafundi watatu, bei tatu, na hakuna anayemuuliza mwenzake alikuta nini. Nyumba ninayoieleza hapa ilikwisha pita mikono ya wote hao kabla hatujaitwa kuitazama. Nimeona inafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu shida zake zote tatu zilitoka mahali pamoja: maji yalikuwa yakiingia ukutani kwa njia kadhaa, na saruji ilikuwa ikiyazuia kutoka.

Nyumba iko Unguja, kwenye kichochoro cha ndani cha Mji Mkongwe. Mtaa na wenyewe siwataji. Ni nyumba ya ghorofa moja, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na ukuta wake wa mbele una unene wa sentimita 55. Vyumba ni virefu na vyembamba. Upana haufiki mita 3, maana aliyejenga alifuata urefu wa boriti za mikoko alizozipata. Boriti zimelazwa karibu karibu kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa kati, kila kichwa kimeingia ukutani kiasi cha shubiri. Juu yake yamepangwa mawe bapa, na juu ya mawe kuna sakafu ya chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana.

Boriti hizo zina kazi mbili, na ya pili husahauliwa. Zinabeba sakafu ya juu, na pia zinaushika ukuta wa mbele usitoke nje. Kichwa kikioza, sakafu inakosa pa kulalia na ukuta unakosa wa kuushika.

Mwenye nyumba ni mtu mzima sana, na mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Baada ya shikamoo na kahawa alitupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha chini cha mbele, anamopokelea wageni. "Mwanangu," alisema, "hapa rangi haikai hata Ramadhani kwa Ramadhani."

Alikuwa amekwisha tumia fedha nyingi kwenye ukuta ule. Mwanzo ilikuwa rangi tu. Rangi ilipobanduka, plasta ya zamani ya chokaa ilitolewa mpaka usawa wa kiuno na ikapigwa ya saruji. Unyevu ukatokea juu ya kiuno. Ikaja saruji nyingine, safari hii imechanganywa na dawa ya kuzuia maji, mpaka usawa wa kifua. Unyevu ukatokea juu ya kifua. Mwisho zikabandikwa tailizi kutoka chini mpaka dirishani, na juu yake ikapakwa rangi ya mafuta. Nje, upande wa kichochoro, ilipigwa saruji vilevile. Siku tunafika, weusi wa ukungu ulikuwa umefika kwenye boriti.

Ukitazama ukuta ule kwa pembeni, jua la asubuhi likiupiga, unaziona zile hatua za ukarabati zote, utepe juu ya utepe, na juu ya kila utepe kuna doa la maji. Mawe ya matumbawe yana vitundu na hunyonya maji kutoka ardhini, na nyumba hizi hazikujengwa na tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Zimeishi hivyo zaidi ya miaka mia kwa sababu chokaa inapitisha hewa. Maji yanayopanda hukutana na plasta ya chokaa, yanageuka mvuke na kwenda zake, kwa hiyo unyevu huishia magotini. Ukifunga sehemu hiyo kwa saruji, maji hayapungui. Yanaendelea kupanda kutafuta mahali penye upenyo, na upenyo wa kwanza uko pale saruji yako ilipoishia. Bi Mkubwa alikuwa akilipia maji yapandishwe ghorofani, na hakuna aliyemweleza hivyo.

Maji yalikuwa yanatoka wapi

Kabla ya kugusa chochote tulitaka kuyatenganisha maji, maana kila maji yana dawa yake. Doa linalokua mvua ikinyesha si sawa na doa linalokua watu wakioga, na yote mawili si sawa na doa lisilobadilika mwaka mzima.

La kwanza lilikuwa kichochoro. Bi Mkubwa anakumbuka utotoni akipanda vidaraja viwili vya ngazi kuingia ndani. Leo mtu anashuka. Kwa miaka mingi kichochoro kimemwagiwa saruji juu ya saruji, na tulipopima kwa mpira angavu uliojazwa maji, ule wa kulinganisha usawa, uso wake ulikuwa juu ya sakafu ya chumba kwa sentimita 18. Tena umelalia upande wa nyumba. Mvua yote ya kichochoro inasimama mguuni mwa ukuta, na ukuta unainywa.

La pili lilikuwa gata. Paa la mbele la mabati lina ukubwa wa kama mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo masika si jambo geni, inashusha lita 2,000 kwenye paa hilo. Kiungo cha gata kilikuwa kimeachana na bomba lake, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikitelemka usoni mwa ukuta, juu kabisa ya mahali ukuta ulipotoa tumbo.

La tatu lilikuwa bafu la juu, lililoongezwa baadaye kwenye pembe ya chumba cha mbele. Bomba la maji machafu lilizikwa ndani ya ukuta na kufunikwa saruji. Wapangaji wa juu walisema halivuji. Tulichukua rangi ya kutilia ukindu, tukaikoroga kwenye ndoo ya maji na kuimwaga bafuni. Kesho yake chini, kati ya boriti ya tano na ya sita kutoka pembeni, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa sarafu. Hapo mazungumzo na wapangaji yakawa mepesi.

La nne ni chumvi, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi. Kwenye kingo za plasta palikuwa pameota chumvi nyeupe, laini kama sufi. Chumvi hiyo imo kwenye matumbawe yenyewe, imo kwenye mchanga wa pwani uliotumiwa na mafundi wengine, na nyingine imeletwa na maji ya ardhini yaliyokauka na kuiacha. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa pale hewa inapofika kiasi cha asilimia 75 ya uwezo wake wa kubeba mvuke, na Unguja hewa inafika huko usiku kwa usiku. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kutoa jasho hata ukishaziba maji yote. Hewa ikikauka chumvi inaganda tena chini ya rangi, inatanuka, inasukuma. Ndiyo maana rangi ya Bi Mkubwa ilikuwa ikibanduka kiangazi, wakati yeye mwenyewe aliona nyumba imekauka.

Kuna kipimo kidogo ambacho kila mwenye nyumba anaweza kukifanya. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, kiache siku nzima. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba na dawa yake ni kufungua madirisha. Chumba cha mbele kilitoa matone nyuma. Chumba cha nyuma, kilichokuwa na ukungu vilevile na ambacho familia ilitaka kukipiga saruji nacho, kilitoa matone mbele. Hicho tulikiokoa kwa kulifungua dirisha lililozibwa kwa kabati.

Boriti

Kwa macho boriti zilikuwa nzima. Zilipakwa chokaa nyeupe kwa chini, zimenyooka, hakuna iliyopinda. Tulizigonga kwa nyundo ndogo moja moja kuanzia katikati kwenda ukutani. Katikati mlio ulikuwa mkavu na mgumu. Kadiri tulivyosogea ukutani, kwenye baadhi yake mlio ulizama. Pale tulichokonoa kwa bisibisi. Boriti nzima inaikataa bisibisi, inaingia milimita chache tu. Kwenye boriti ya sita bisibisi iliingia mpaka mpini bila kusukumwa kwa nguvu, na ilipotoka ilikuja na nyuzi za mti zilizolowa, rangi ya kahawia, zinazofikichika vidoleni.

Chumba kile kina boriti 22. Tisa zilikuwa zimeoza vichwa upande wa ukuta wa mbele, na upande wa ukuta wa kati hakuna hata moja iliyooza. Hili peke yake lilitosha kuonyesha kwamba ubovu haukutokana na uzee wa mti, kwani zote zilikatwa na kulazwa wakati mmoja. Kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 14 katikati ya boriti na zaidi ya 30 karibu na ukuta wa mbele. Kuvu wa kuozesha mti hawawezi kukua kwenye mti wenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi. Boriti ya mkoko iliyozungukwa na chokaa kavu inakaa umri wa watu watatu wanne. Hizi zilikaa hivyo mpaka saruji ilipopandisha maji na kuvizingira vichwa vyake, vikawa vinakaa majini bila kupumua.

Mchwa walikuwapo pia, kwenye boriti mbili za pembe ya bafu, na njia yao ya udongo ilionekana wazi nyuma ya tailizi tulipozing'oa. Seremala wa mwanzo alikuwa amepulizia dawa na kuondoka. Lakini mchwa walifuata unyevu, na unyevu ulibaki.

Tumbo la ukuta

Hapa ndipo palipotutia hofu. Tuliteremsha timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka juu ya ukuta hadi kichochoroni na kupima umbali wa uso wa ukuta na uzi kila baada ya nusu mita. Juu na chini ukuta ulikuwa karibu na mstari. Usawa wa sakafu ya ghorofani ulikuwa umetoka nje sentimita 4.5. Ndani, pale ukuta wa mbele unapokutana na kuta za pembeni, palikuwa na nyufa mbili za wima, upana milimita 6 kwenye usawa uleule, zikipungua kwenda juu na kwenda chini.

Ufa ni lazima ujulikane kama umelala au unatembea. Ndani ya ufa mmoja mlikuwa na rangi ya zamani na vumbi lililoganda, maana yake ulianza miaka mingi. Lakini kingo zake mbili zilikuwa nyeupe na kali, maana yake umefunguka tena karibuni. Tuligandisha vipande vyembamba vya vioo juu ya nyufa zote mbili kwa plasta ya jasi, tukaandika tarehe. Kioo kikivunjika hakuna mabishano. Vuli ilipopita, cha pembe ya kusini kilikuwa kimepasuka katikati.

Sasa hesabu. Ukuta wa mawe hauna nondo, hauwezi kuvutwa, unaweza kukandamizwa tu. Ili usivutwe popote, uzito unaoteremka ndani yake lazima ubaki ndani ya theluthi ya katikati ya unene wake, yaani usihame kutoka katikati kwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya unene. Kwa ukuta wa sentimita 55 hiyo ni sentimita 9. Tumbo letu lilikuwa 4.5. Mhandisi anayekaa ofisini na namba hizo mbili atasema ukuta uko salama, na atakuwa na sababu.

Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe si kitu kimoja. Una uso wa nje na uso wa ndani, mawe yaliyopangwa vizuri, na katikati pamejazwa vifusi, chokaa na udongo. Tuligonga uso wa nje wote kwa nyundo. Kuzunguka tumbo, eneo la karibu mita 3 za mraba, mlio ulikuwa mtupu. Tukang'oa jiwe moja. Nyuma yake udongo mwekundu ulikuwa umeoshwa wote na maji ya gata, na mwashi aliingiza mkono mpaka kiwiko akawa anaupapasa uso wa ndani. Uso wa nje, wenye unene wa sentimita 20 hivi, ulikuwa umesimama peke yake. Sehemu ya sita ya 20 ni sentimita 3.3, na tumbo ni 4.5. Kwa hesabu hiyo ulikwisha pita mpaka, na kilichouzuia kuanguka ni saruji ya nje iliyougandisha na boriti chache nzima zilizobaki.

Jioni ileile tuliomba chumba kihamwe na njia ya kichochoro ifungwe kwa kamba upande ule. Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana juu ya hili. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilimeguka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wake, huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walikufa. Jengo lile lina kisa chake na sitaki kulifananisha na nyumba ya Bi Mkubwa, ila kila anayeshika nyundo kwenye nyumba kongwe anapaswa kulikumbuka kabla hajaanza kugonga.

Kubomoa au kuponya

Nyumba ni ya urithi. Baadhi ya warithi wako Dar es Salaam, wengine Maskati, na mtoto wa nduguye Bi Mkubwa aliyeko Maskati ndiye aliyekuwa akileta fedha. Mkandarasi mmoja alikwisha wapa pendekezo: bomoa ukuta wa mbele, simamisha nguzo za zege, jenga kwa matofali ya saruji, toa boriti zote na umwage zege ghorofani. Kijana wa Maskati alilipenda. Alituambia kwa simu, kwa heshima zote, kwamba amechoka kutuma fedha za plasta na anataka kitu kitakachodumu.

Namuelewa, na warithi wengi wangesema hivyo. Lakini tulimpa hesabu. Zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 kwa mita ya mraba. Kwa chumba cha mita 18 za mraba hiyo ni tani 6 na nusu, na upande mmoja wa uzito huo utalalia ukuta wa kati, wa mawe yaleyale ya matumbawe, ambao haukuguswa na pendekezo lake. Kuta za pembeni ni za shirika na majirani. Kila nyundo ya kubomoa ukuta wa mbele ingepigwa kwenye nyumba tatu. Na zege gumu lililounganishwa na ukuta laini huachana nao kwenye kiungo, nyumba inapofanya mijongeo yake midogo ya joto na mvua, kisha maji yanaingia hapohapo.

Zaidi ya hayo, Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kubadili ukuta wa mbele bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ni kosa. Sheria hiyo watu huiona kama mzigo wa maskini. Mimi naitetea. Nyumba moja ikitolewa boriti na kutiwa zege, nyumba mbili za pembeni hurithi nyufa, na wenyewe mara nyingi hawana hata fedha za gata.

Mwisho warithi walikubali njia ya kuponya, kwa sharti kwamba kila hatua ipigwe picha na kutumwa Maskati. Ilikuwa sharti jema. Picha hizo zilitufanya sote tuwe makini.

Kazi ilivyofuatana

Mwega ulitangulia kila kitu. Chini ya boriti, karibu na ukuta wa mbele, tulipitisha mbao nene kwa urefu wa chumba na kuzisimamishia nguzo kwa chini, kila nguzo ikiwa na kitako cha ubao mpana ili isitoboe sakafu. Kichochoroni tuliuegemeza ukuta kwa miega ya mshazari. Kisha ghorofani tukatoa tailizi na saruji ya sakafu iliyoongezwa juu ya ile ya asili. Ilikuwa sentimita 5, karibu kilo 100 kwa mita ya mraba, yaani chumba kile kimekuwa kikibeba takriban tani 2 ambazo aliyekijenga hakuzihesabu.

Halafu maji. Gata jipya lenye mteremko, na bomba lake limepelekwa mpaka mtaroni. Bomba la bafu likatolewa ukutani, likapitishwa nje linapoonekana, ili likivuja lionekane siku hiyohiyo. Kichochoro hatukuwa na uwezo wa kukishusha, ni cha watu wote. Kwa ruhusa tulikata mfereji wa upana wa sentimita 30 mguuni mwa ukuta, tukautia kokoto na kuupa mwelekeo wa kutokea.

Saruji ya ukutani ilitolewa kwa tindo na nyundo nyepesi, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kukatia tuliikataza. Saruji imeshika mawe kwa nguvu kuliko mawe yanavyoshikana yenyewe, na ukiivuta kwa pupa inakuja na uso wa ukuta. Baada ya hapo ukuta uliachwa uchi, na hapa ndipo subira ya familia ilipojaribiwa. Watu wa uhifadhi hukadiria kwamba ukuta wa mawe hukauka kiasi cha sentimita 2.5 za unene kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 55 unaokaukia pande zote mbili unataka karibu mwaka. Bi Mkubwa aliuliza kama wageni wa Idd watakaa mbele ya ukuta wa mawe matupu. Walikaa. Katika miezi hiyo tuliufuta chumvi kwa brashi kavu, tukaiokota na kuitupa mbali, maana ukiimwagia maji inarudi ndani.

Wakati ukuta unakauka, boriti zilishughulikiwa. Tano kati ya zile tisa zilibadilishwa zote kwa boriti za mikoko zilizopatikana kwa kibali. Nne zilikuwa nzima isipokuwa vichwa. Hizo tulizikata ubovu mpaka kwenye mti mgumu, tukazifunga ubavuni vipande vya mvule kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Kila kichwa kinalalia jiwe bapa gumu lililolala juu ya kipande cha nailoni nzito, na pembeni kimeachiwa nafasi ya sentimita 2 ili hewa ipite. Usijaze nafasi hiyo kwa saruji, hata fundi akuombe. Vichwa vilipakwa dawa ya boraksi, inayozuia kuvu na wadudu. Dawa hiyo huyeyuka na maji, kwa hiyo haina faida ukiipaka kwenye boriti iliyomo kwenye ukuta unaovuja.

Tumbo hatukulirudisha ndani. Kijana wa Maskati aliuliza kwa nini, na wengi huuliza. Kuusukuma ukuta uliokaa hivyo miaka mingi ni kuvunja kila jiwe lililopata mahali pake papya. Tuliushika ulipo. Kila boriti ya tatu ilifungwa utepe wa chuma kisichoshika kutu unaopenya ukuta na kuishia kwenye bamba upande wa nje, chini ya plasta. Nyuso mbili za ukuta tulizifunga kwa mawe marefu yanayopita kutoka uso mmoja hadi mwingine, tukitoa mawe machache na kuweka refu moja, kisha kusogea mbali kabla ya kutoa mengine. Utupu wa ndani ulijazwa uji wa chokaa kwa mipira midogo na faneli, kuanzia chini, nusu mita kwa siku na kusubiri. Ukiujaza wote kwa mara moja, uzito wa uji huo mbichi unaweza kuusukuma uso wa nje ukaanguka, na fundi amesimama chini yake.

Plasta ilikuwa ya mwisho. Chokaa iliyolowekwa shimoni miezi kadhaa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga wa shimo uliooshwa kwa maji ya bomba. Sehemu ya chini tuliongeza matofali ya kuchoma yaliyosagwa, yanayosaidia chokaa kukaza penye unyevu. Tabaka nyembamba, kila moja inafunikwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Ndani ikapakwa chokaa, bila rangi ya mafuta. Mafundi walivaa miwani muda wote, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni inachoma na wapo waliopoteza macho kwa dharau hiyo.

Plasta hii ya kwanza itaharibika, na tulimwambia Bi Mkubwa tangu mwanzo. Itavuta chumvi iliyobaki, itaanza kumumunyuka kwa chini, na baada ya miaka kadhaa itatolewa pamoja na chumvi yake na kupigwa nyingine. Itafanya kazi ya kuusafisha ukuta. Akaridhika, ila aliomba makochi yawekwe mbali na ukuta.

Ilipofika sasa

Vioo vipya vimepita masika moja na vyote ni vizima. Uzi wa timazi unasoma sentimita 4.5 uleule. Boriti karibu na ukuta wa mbele zimeshuka mpaka asilimia 17 za unyevu, nazo hazijamaliza kukauka. Kwa chini unyevu bado upo, unafika kwenye kifundo cha mguu na mahali pengine chini kidogo ya goti, na utakuwepo mradi kichochoro kiko juu ya sakafu.

Wapangaji wa juu wamepewa jukumu la kusafisha gata kabla ya masika na kabla ya vuli, na jukumu hilo limeandikwa kwenye mkataba wao wa kodi. Kwenye ukuta wa shirika upande wa kaskazini kuna doa ambalo rangi ya ukindu haikulifikia, kwa hiyo si la bafu letu. Jirani amekubali bomba lake lifunguliwe kabla mvua za vuli hazijaanza, na warithi wa Maskati wamesema gharama ya kulihamisha watagawana naye nusu kwa nusu.